Maporomoko ya Sheldrick kwa siku moja kutoka Mombasa: panga ukianzia kurudi

Mtu wa Mombasa akitaka kuona maji yakiporomoka kutoka jabalini bila kulala njiani, jawabu liko Kwale. Maporomoko ya Sheldrick yamo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Shimba Hills, iliyotangazwa hifadhi mwaka 1968. Kutoka feri ya Likoni hadi mjini Kwale ni kama kilomita 30, na geti kuu liko mwendo mfupi tu kupita mji. Maji yanaanguka zaidi ya mita 20 na kuingia kwenye kidimbwi kilichofunikwa na msitu. Jina limetokana na David Sheldrick, yule mkuu wa kwanza wa Tsavo Mashariki. Kijia cha kuyafikia ni takriban kilomita 2 kwenda, na nyingine 2 kurudi.

Ukisoma hivyo utasema ni matembezi ya watoto. Ni mepesi kweli, ila yana kasoro moja inayowashinda wengi: yamepinduka. Mlima wa kawaida unapanda ukiwa na nguvu, kisha unashuka ukiwa umechoka. Hapa unaanza juu kwenye Kilima cha Ndovu, unateremka bondeni ukicheka na kupiga picha, halafu kupanda kunakungoja mwisho, jua liko utosini, tumbo limejaa, chupa ya maji imebaki funda mbili. Wanaokwama hukwama hapo. Kwa hivyo safari hii hupangwa kuanzia mwisho wake, na karibu kila ushauri ulio hapa chini unatokana na hilo.

Saa

Hifadhi hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na mbili jioni. Usihesabu kutoka ile ya asubuhi, hesabu kutoka ya jioni. Kutoka kilimani hadi getini kwa gari jipe saa nzima, hata kama barabara ni fupi, kwa sababu ndovu wakisimama njiani hakuna wa kuwapigia honi. Unazima injini na kusubiri mpaka waridhike. Kupanda kutoka kwenye maji hadi juu, kundi la kawaida lenye watoto wawili watatu na shangazi mmoja wa makamo linachukua saa moja hadi saa moja na robo. Kushuka ni dakika 45. Kwenye maji wenyewe watu hawatosheki na chini ya saa moja na nusu, msidanganyane.

Mtu atakayehesabu hivyo ataona kwamba akianza kushuka saa saba na nusu mchana bado anaweza kuwahi geti. Anaweza, lakini akiteleza mtu mmoja na kuteguka kifundo, hesabu yote imevunjika, na giza la msituni huingia kabla ya giza la barabarani. Sisi tunashauri muwe mmeanza kushuka saa tatu na nusu asubuhi, au saa nne ikizidi sana. Mtafika majini karibu saa nne na robo, mtaondoka saa tano na dakika 45, na kufikia saa saba mko juu mnafungua vyakula. Jua la saa sita litawakuta kijiani, ndiyo, ila sehemu kubwa ya kupanda ina kivuli cha miti. Kipande kilicho wazi ni kile cha juu, karibu na mwisho, na ndicho kinachomaliza watu.

Ili kuanza kushuka saa hizo, tokeni kisiwani saa kumi na mbili asubuhi. Asubuhi msongamano wa feri ni wa watu wanaotoka Likoni kuja mjini kazini. Nyinyi mnakwenda kinyume nao, kwa hivyo foleni yenu ni nyepesi. Jioni mambo hugeuka vilevile kwa faida yenu, isipokuwa Jumapili na siku za Idd, ambapo magari yote yaliyokwenda Diani yanarudi kwa pamoja. Siku hizo msiende kabisa, au mrudi kwa Dongo Kundu. Barabara hiyo inatoka Miritini, inavuka madaraja ya Mwache na Mteza, na kutokea Kibundani kwenye njia ya Lungalunga. Kwa anayekaa Changamwe, Jomvu, Mikindani au Miritini, hiyo ndiyo njia hata ya kwenda. Kwa wa Nyali na Bamburi ni mzunguko mrefu, lakini mzunguko unaojulikana ni afadhali kuliko foleni isiyojulikana. Njia zote mbili zinakutana kabla ya Kombani. Hapo unakata kulia na kuanza kupanda kuelekea Kwale.

Sala pia iingie kwenye saa. Adhuhuri pwani huingia kati ya saa sita na dakika 5 na saa sita na dakika 40 hivi kutegemea mwezi, yaani mtakuwa njiani mnapanda. Msijaribu kuharakisha mwendo ili muiwahi mwanzo wa wakati wake. Salini mkifika juu, au kwenye uwanja wa mandari wa Makadara, kabla ya chakula. Mswala mwepesi na chupa moja ya maji ya udhu viachwe ndani ya gari. Ijumaa haifai kwa kundi lenye wanaume wa kusali, na mwezi wa Ramadhani safari hii iahirishwe. Kupanda kule kwa saumu si ushujaa.

Gari, geti na pesa

Matatu za Likoni hadi Kwale zipo tele, lakini zinakufikisha mjini tu. Kutoka getini hadi Kilima cha Ndovu hakuendeki kwa miguu, kwani mna ndovu na nyati, na bodaboda haitaruhusiwa kuingia. Kwa hivyo gari ni lazima: lenu, la kukodi kutoka Mombasa, au mkodi mjini Kwale na kukubaliana bei ya siku nzima, pamoja na kungoja. Neno "kungoja" litajwe wazi mnapopatana. Dereva aliyedhani anawaleta na kurudi mjini atadai nyongeza wakati mko mahali pasipo na gari jingine.

Barabara za ndani ni za changarawe na udongo mwekundu. Kiangazi Probox inapita bila taabu ikiwa dereva hana haraka. Baada ya mvua kubwa udongo ule unateleza kama sabuni, na gari la chini litakwama kwenye mteremko wa kwanza. Chukua lililoinuka au ahirisha. Mafuta jazeni Likoni au Kwale kwa sababu ndani hakuna. Angalieni gurudumu la akiba na jeki kabla ya kuondoka nyumbani, maana kubadilisha gurudumu kando ya mavi mabichi ya ndovu ni kazi inayohitaji haraka.

Kiingilio kinalipwa kwa eCitizen na geti halipokei pesa mkononi. Lipeni jana yake mkiwa na mtandao mzuri, na risiti muipige picha ya skrini au muichapishe, kwa sababu mtandao kule huja na kupotea. Viwango vimekuwa vikibadilishwa, kwa hivyo tazama bei kwenye mfumo wenyewe, si kwenye picha aliyokutumia rafiki ya mwaka juzi. Mahali hesabu inapoharibika ni hapa: watu huhesabu vichwa vyao na kusahau kwamba gari nalo linalipiwa kulingana na idadi ya viti, na kwamba ni lazima kuuliza kama dereva wa kukodiwa anahesabiwa. Kila mtu mzima abebe kitambulisho chenyewe, si nakala. Na kama kuna jamaa waliokuja likizo kutoka Muscat au London wakiwa na pasipoti za huko, jueni wao watalipa kiwango cha wageni, tena kwa dola, ambacho kinazidi cha mwananchi mara kadhaa. Waambieni mapema, isije ikawa fedheha getini.

Kushuka majini ni mkiongozwa na askari mwenye bunduki wa KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, na hilo halina mjadala. Pigeni simu ofisi ya hifadhi siku moja kabla, mtaje idadi yenu na saa mtakayofika, na muulize kama kuna malipo ya askari na ni kiasi gani. Msipopiga simu mnaweza kumkuta askari ameshashuka na kundi lingine, mkakaa saa mbili mkitazama bonde. Kundi la watu wanane hadi kumi na wawili ndilo zuri. Likizidi hapo, ombeni askari wa pili, kwa sababu mstari ukirefuka wa mbele hajui wa nyuma amepatwa na nini.

Majira

Masika ya pwani huanza Machi mwishoni au Aprili na kukolea Mei. Wakati huo maporomoko yanapendeza kuliko wakati wowote, na kijia ni kibaya kuliko wakati wowote. Tunaona wiki nzuri ni za Julai hadi Septemba, kusi ikivuma: maji bado yapo ya kutosha, jua si kali, na ardhi imekauka kiasi cha kukanyagika. Desemba na mwanzo wa Januari, baada ya vuli, ni chaguo la pili. Februari na Machi kaskazi ikiwa imekausha kila kitu, maji hupungua sana, na anayekwenda akitarajia ngurumo atarudi amenuna.

Kule juu ni baridi kidogo kuliko Mombasa, nyuzi mbili tatu hivi, kwa sababu ya mwinuko wa mita 400 na zaidi. Asubuhi mara nyingi kuna ukungu. Usikudanganye ukaacha maji nyumbani. Bondeni hakuna upepo, na unyevu wa msitu unalitoa jasho na kulizuia lisikauke.

Nguo

Hapa tunataka kukaa kidogo, kwa sababu ndipo wengi wanapojiletea mashaka.

Shimba Hills ina mbung'o. Wanauma kupitia nguo nyembamba na wanafuata rangi, hasa buluu iliyokolea na nyeusi. Ndiyo maana mitego ya mbung'o hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Sasa fikiria kundi la Mombasa lilivyo: buibui nyeusi nne na suruali za jinzi sita. Vaeni rangi ya mchanga, kijivu hafifu, kahawia isiyokoza au kijani ya majani makavu, kitambaa kiwe kizito kidogo, mikono mirefu. Anayevaa buibui na hataki kubaki bila vazi la juu avae badala yake dira fupi au kanzu nyepesi ya rangi hafifu isiyopita katikati ya muundi, na suruali pana ndani. Pindo linaloburuta si suala la mbung'o pekee. Wakati wa kushuka unalikanyaga mwenyewe, na wakati wa kupanda linakanyagwa na wa nyuma yako. Dawa ya kupaka ya mbu huwasaidia watu kwa mbu, lakini mbung'o hawaijali sana. Ndani ya gari fungeni vioo mkipita vichakani, kwa kuwa hupenda kufuata kitu kinachokwenda.

Suruali ndefu ina sababu nyingine: upupu. Baada ya mvua mmea huo hutambaa kandokando ya vijia vya pwani, na maganda yake yakikauka hutoa vinyweleo vinavyopeperuka. Ukipatwa, usijikune wala usisugue, utavisambaza. Bandika utepe wa gundi juu ya ngozi na uubandue mara kadhaa, kisha osha kwa maji mengi na sabuni ukifika kwenye gari. Utepe mpana wa gundi uwe kwenye mkoba, una kazi nyingine nyingi.

Viatu: sandali na champali ziachwe kwa ajili ya ndani ya gari. Raba yenye meno soleni inatosha, si lazima buti la mlima, ila iwe imeshavaliwa wiki kadhaa. Raba mpya huzaa lengelenge kabla ya kufika majini. Kata kucha za miguu siku mbili kabla. Unaposhuka kidole gumba kinagonga mbele ya kiatu kila hatua, na kucha ndefu itakuwa nyeusi kesho yake. Kaza kamba juu, karibu na kifundo, mguu usiteleze kwenda mbele. Soksi jozi mbili, moja mguuni na moja kavu kwenye mkoba kwa kupandia. Soksi iliyolowa majini ndiyo mama wa malengelenge ya njia ya kurudi.

Leso mbili kwa kila mwanamke, kikoi kwa kila mwanamume. Ni taulo, ni pazia la kubadilishia nguo, ni kitanda cha mtoto, na mguu ukiteguka ni bandeji. Taulo nene la nyumbani likilowa linaongeza kilo ya bure mgongoni.

Maji na vyakula

Mtu mzima abebe lita 2, mtoto lita 1, na lita 5 za ziada zibaki kwenye gari. Tangu Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja hazikubaliwi ndani ya hifadhi za Kenya: chupa za maji za dukani, vikombe, sahani, vijiko na mirija. Msizinunue Likoni mkaja kuziacha getini na kubaki na kiu. Bebeni chupa za chuma au za kujazwa tena, na chakula kiwe kwenye hotpoti na mabakuli ya nyumbani.

Maji hugawanywa hivi: robo wakati wa kushuka na mkiwa majini, robo tatu za kupandia. Watu hufanya kinyume kwa sababu kushuka kunafurahisha. Kiongozi wa kundi akague chupa kabla ya kuanza kurudi. Aliyebaki na chini ya nusu lita agawiwe hapohapo, si akishaanza kuona kizunguzungu. Chukueni pakiti mbili tatu za ORS. Zikikosekana, lita moja ya maji safi, vijiko vya chai sita vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko cha chumvi, vikorogwe mpaka viyeyuke. Ni kwa anayeumwa kichwa au anayebanwa na misuli ya shavu la mguu.

Chakula kizito kiliwe juu, baada ya kupanda. Majini kuleni kidogo: tende tatu nne, ndizi, chungwa, konzi ya karanga, mahamri moja. Aliyekula sahani ya pilau bondeni atapanda akiwa na mawe tumboni.

Na mchague kipi cha kubeba. Vyakula vya nazi vinachacha upesi. Mbaazi za nazi zilizopikwa usiku na kufungwa moto kwenye hotpoti huweza kuharibika kabla ya adhuhuri, na samaki wa kupaka ni vivyo hivyo. Pilau ya nyama inavumilia kidogo ikipakuliwa ingali moto kabisa, ikafungwa, na isifunguliwe-funguliwe njiani. Kilicho salama ni viazi karai, mahamri, chapati kavu, mayai ya kuchemsha yasiyomenywa, kachri, kaimati zisizo na shira, na matunda yenye maganda yake. Achari na pilipili wekeni kwenye chupa ndogo. Kila mfuko wa chakula ufungwe na usiachwe mezani pale Makadara hata kwa dakika moja, kwa sababu nyani wanawajua watu wa mandari kuliko mnavyojijua. Wakikuvamia, achia mfuko. Maganda na mabaki yote yanarudi Mombasa, hata ya machungwa.

Nani aende

Kisiwa chetu ni tambarare, na magoti ya watu wake hayajui mlima. Kipimo rahisi: wiki mbili kabla, panda ngazi za jengo la ghorofa tano, shuka, na urudie mara nne bila kukaa. Ukiweza huku unaongea, hutapata shida. Ukiweza lakini huku unahema sana, utafika kwa kupumzika. Usipoweza, baki juu kilimani. Kuna upepo na mandhari, na si aibu. Mwenye magoti mabovu ajue kwamba kushuka ndiko kutakakomuumiza, ingawa anaogopa kupanda. Mpini wa ufagio uliokatwa kimo cha kiuno ni fimbo nzuri kabisa. Utoke nao nyumbani, kwani kukata miti mle hakuruhusiwi.

Watoto kuanzia miaka saba hutembea wenyewe. Wa chini ya hapo atabebwa wakati wa kurudi hata akiapa vipi asubuhi, kwa hivyo lazima awe na watu wazima wawili wa kupokezana. Mwenye pumu aweke kivuta pumzi mfukoni mwake mwenyewe, si kwenye mkoba wa mtu mwingine aliyetangulia.

Kijiani

Askari mbele, na mtu wa polepole kuliko wote nyuma yake tu. Hilo la pili hupingwa na vijana kila mara, lakini kundi likifuata mwendo wa aliye mzito linafika pamoja. Likifuata mwendo wa aliye mwepesi, yule mzito hupumzishwa kwa sekunde kumi kila wenzake wanapomngoja, kisha wao wakiwa wameshapumzika wanaondoka naye akiwa ndio kwanza amefika. Mtu mzima mwenye nguvu akae mwisho na asimpite yeyote.

Unaposhuka, hatua ziwe fupi, magoti yakunjike kidogo, na penye utelezi geuka ubavu. Simu ikae mfukoni. Wengi wa waliotegua vifundo walikuwa wakitazama skrini. Ukitaka kupiga picha, simama kwanza. Juu ya magogo usikanyage, vuka, na utazame unapotua mguu, maana bafe hulala bila kujitikisa na rangi yake ni ile ile ya majani makavu. Aliyeumwa na nyoka alazwe atulie, pete na saa zivuliwe, kiungo kilichoumwa kisisogezwe, na abebwe. Usichanje, usinyonye, usifunge kamba. Hospitali ya Kwale iko mjini, ndiyo ya karibu.

Siafu wakivuka njia, rukeni wote kwa upesi na mtoe taarifa nyuma. Ukisimama katikati kuwashangaa utavua suruali mbele za watu.

Ndovu akionekana au akisikika, nyamazeni na mmtazame askari, si ndovu. Atawaashiria msimame, mrudi nyuma au mzunguke. Hakuna kukimbia isipokuwa ameamuru, hakuna kupiga picha, na mtoto ashikwe mkono. Hifadhi hii ilijaa ndovu kiasi kwamba mwaka 2005 KWS waliwahamisha kama 150 kwenda Tsavo Mashariki, na waliobaki bado wanatosha kuwakuta.

Kwenye maji

Mawe yaliyo karibu na maporomoko yana utando wa kijani unaoteleza hata kwa aliyevaa raba. Ingieni kwa upande askari anaouonyesha, kwa mikono na miguu ikibidi, mkiwa na viatu. Msiruke kutoka juu ya mwamba: kina cha kidimbwi hubadilika kila mvua kwa mchanga na magogo yanayoletwa, na maji hayaonyeshi kilicho chini. Wala msisimame moja kwa moja chini ya maji yanapoangukia. Kijiwe kidogo kikishuka zaidi ya mita 20 si kidogo tena.

Jambo la kuangalia bila kukoma ni rangi ya maji. Yakianza kuwa ya udongo, au majani na vijiti vikaanza kuja kwa wingi, au sauti ikabadilika kuwa nzito, tokeni wote wakati huohuo na mpande mahali pa juu, hata kama kwenu jua linawaka. Mvua imenyesha kwingine juu ya mto.

Kwale ni eneo lenye kichocho. Konokono wake hupendelea maji yaliyotuama yenye majani, kwa hivyo hatari kwenye maji yanayokimbia ni ndogo. Epukeni vidimbwi vya pembeni vilivyotulia, mkitoka mjikaushe mara moja kwa kusugua, msikaukie juani. Sabuni na shampuu hapana. Bonde hili ni la vyanzo vya maji. Chemchemi za Marere zilizo katika vilima hivihivi ndizo zinazopeleka maji hadi Mombasa.

Kiongozi atoe ilani dakika 20 kabla ya kuondoka, kisha dakika 5. Soksi kavu, kamba za viatu, chupa zikaguliwe, halafu pandeni kwa mwendo wa kuweza kuzungumza. Kila dakika 15 simameni dakika 2, mkiwa mmesimama, si kukaa. Aliyekaa huganda miguu.

Baada ya kula

Kukiwa na saa mbili zimebaki, zungukeni kwa gari polepole kwenye nyika za nyasi mkitafuta palahala. Hapa ndipo mahali pekee Kenya anapopatikana porini. Dume ni mweusi mwenye pembe ndefu zilizopinda nyuma, jike ni wa kahawia. Giriama Point ina mandhari ya bahari kukiwa hakuna ukungu. Saa kumi na moja muwe mnaelekea getini.

Nyumbani, kabla ya kukaa kwenye kochi, nguo zote ziingie kwenye beseni peke yake na zisichanganywe na za wasiokwenda, kwa ajili ya upupu na kupe. Kaguaneni kwapa, nyuma ya magoti, kiunoni, na kichwani kwa watoto. Kupe ashikwe kwa kibano karibu kabisa na ngozi, avutwe moja kwa moja bila kusokotwa, pasipo mafuta ya taa wala kiberiti. Aliyepata homa ndani ya wiki mbili tatu apime malaria, na amweleze daktari kwamba aliumwa na mbung'o Shimba Hills. Aliyeogelea akiona damu kwenye mkojo, hata baada ya miezi miwili, akapime kichocho. Dawa yake ni ya vidonge na hupatikana.